Chawa walikwisha tulipoacha kutibu kichwa kimoja kimoja

Chawa wa kwanza nilimwona usiku wa kuamkia Idi el-Fitri, binti yangu mkubwa, mwenye miaka 11, alipokuwa amekaa mkekani mbele ya magoti yangu ili nimsuke. Nilipozitenga nywele nyuma ya sikio, kitu cha kijivu kisichozidi punje ya ufuta kilikimbia na kujificha. Mtoto alikuwa amejikuna kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimeshikilia kwamba ni mba. Usiku uleule nilinunua dawa ya permethrini ya asilimia 1, nikampaka, nikamsuka, na asubuhi tukaenda kusali.

Siku kumi hazikutimia kabla hajaanza kujikuna tena. Niliilaumu dawa, nikalilaumu duka lililoniuzia, nikanunua chupa nyingine. Alipotulia yeye, mdogo wake wa miaka 8 akaanza, na nilipomtibu huyo, mkubwa akarudia. Tuliendelea hivyo tangu Mfungo Mosi, mwezi unaoanza na Idi hiyo, hadi Mfungo Nne, kila mara nikimshika yule tu ambaye nimemwona akijikuna.

Ushauri nao haukukosekana. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Tanga, alisema kwamba zamani wao walipaka mafuta ya taa, wakafunga kitambaa, na asubuhi chawa wote wakawa wamekufa. Sikupenda kumbishia, lakini mafuta ya taa huunguza ngozi ya kichwa, mvuke wake ni mbaya kwa kifua cha mtoto, na katika nyumba yenye jiko la mkaa cheche moja yatosha kuleta msiba. Nilimwambia, "Mama, huyu mdogo ana pumu, naogopa harufu itamwamsha usiku," naye akanyamaza kwa sababu usiku wa pumu anaujua. Jirani aliniletea dawa ya kuogeshea mbuzi ndani ya chupa ya soda. Hiyo niliirudisha siku ileile. Mume wangu alitaka wasichana wanyolewe kama tulivyomnyoa kaka yao mdogo, na kwa kweli wembe unamaliza kazi, kwa kuwa chawa hana pa kubandika mayai yake pasipo na nywele. Hata hivyo, mkubwa alilia mpaka nikaona kwamba adhabu imezidi kosa, hasa kwa kuwa kosa si lake, na nywele zikiota tena angeweza kuambukizwa vilevile.

Kilichonifumbua macho ni vidonda. Yule mdogo alijikuna kisogoni hadi pakatunga usaha, nikampeleka zahanati, na muuguzi, baada ya kumwandikia dawa ya vidonda, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: mtoto huyu analala na nani? Nikaanza kuhesabu. Analala kitanda kimoja na dada yake. Kila mwisho wa wiki wanakuja mabinti wawili wa wifi yangu, wanalala wanne wamebanana. Na anayewasuka wote ni dada wa kazi, kwa chanuo moja. Muuguzi alinieleza kwamba chawa haruki wala hapigi mbawa, bali hutambaa kutoka unywele hadi unywele vichwa vinapogusana. Alinieleza pia kwamba dawa niliyotumia huua chawa wanaotembea lakini haiui mayai, ambayo huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, na kwamba ndiyo sababu hupakwa mara ya pili siku ya 9, kabla watoto wa chawa hawajakua na kuanza kutaga wao wenyewe. Maelezo hayo yalikuwamo katika karatasi ya ndani ya boksi, ile niliyoitupa bila kuisoma. Juu ya hayo, nilikuwa nikimpaka mtoto mafuta ya nazi kabla ya dawa, na dawa hiyo haishiki vizuri kwenye nywele zenye mafuta.

Kwenda kwa wifi kulinichukua siku nne za kujishauri. Kumwambia dada wa mume wako kwamba watoto wake wana chawa ni jambo linaloweza kuvunja undugu, kwa hiyo niliamua kuibeba aibu mwenyewe. Nikamwambia, "Wifi, kwangu kumeingia chawa, nimeshindwa, nimekuja kuomba msaada wako." Alikaa kimya kidogo, akamwita binti yake mdogo, akamvua mtandio, akanionyesha. Kumbe naye alikuwa akiwatibu kwa siri tangu mwezi wa Ramadhani, akihofia kwamba nitasema wameletwa na wanawe. Tulikuwa tukirudishiana chawa walewale kwa miezi minne. Akacheka, akasema, "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, sisi tukadhani ni methali tu."

Tulichagua Jumamosi moja na tukakagua vichwa vyote vya nyumba mbili, isipokuwa cha mama mkwe, ambaye alisema katika umri wake hapekuliwi. Wasichana wote wanne walikuwa nao, na wa tano nilikuwa mimi, ambaye nilidhani muwasho wangu ni wa joto. Sote watano tulipakwa dawa jioni moja, kwenye nywele zilizooshwa na kukaushwa kwa taulo, bila mafuta yoyote, tukaiacha kwa dakika 10, tukaisuuza.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya kitana. Vitana vya plastiki vilivunjika meno katika nywele zetu, nikatafuta cha chuma chenye meno marefu yaliyokaribiana. Kila baada ya siku tatu au nne nilifumua nywele, nikazilowesha, nikazipaka mafuta ya nazi mengi ili kitana kiteleze, nikazikwatua kwanza kwa chanuo, kisha nikapitisha kitana fungu kwa fungu kutoka kwenye ngozi hadi nchani, nikikifuta kila mara kwenye kitambaa cheupe. Kwa binti mkubwa zoezi hilo lilichukua saa moja na nusu. Siku ya 5 nilipata wadogo saba. Siku ya 9, tuliporudia dawa, wawili. Siku ya 13 kitambaa kilibaki cheupe. Mkubwa, ambaye husikia watu wa mjini wakiitwa chawa kwa kuwasifia matajiri, aliniambia kwamba angalau hao wa mjini hulipwa.

Nilijifunza pia kuacha mambo mawili. La kwanza ni kuhangaika na kila kitu cheupe kwenye nywele: yai la chawa limegandishwa kwenye unywele na halipeperuki kama mba, lakini lililo mbali na ngozi kwa zaidi ya sentimita moja kwa kawaida ni ganda tupu, nami nilikuwa nimewapaka wanangu dawa mara mbili zaidi kwa sababu ya maganda. La pili ni kufua nyumba nzima. Chawa akitoka kichwani hafikishi zaidi ya siku moja au mbili, kwa hiyo magodoro niliyoyaanika juani kila wiki yalinichosha bure; foronya, mitandio na vitana kutiwa katika maji ya moto siku ya dawa vilitosha. Chuoni nilizungumza na mke wa ustadhi, naye, bila kumtaja mtoto yeyote, akawaomba wazazi wawakague watoto, na akaacha kuruhusu mitandio irundikwe kwenye msumari mmoja.

Tangu Mfungo Tano tunapekua nywele kila Alhamisi, siku isiyokuwa na chuo. Mwezi uliopita binti mdogo wa wifi alirudi kutoka harusini akijikuna, na usiku uleule simu ikalia: "Wifi, yupo mmoja." Kesho yake vitana viwili vilifanya kazi barazani tangu alasiri, na wasichana walipokwisha, mama mkwe akavuta mkeka, akajifungua kilemba, akasema naye anawashwa. Nilimchana kichwa kizima polepole. Sikumkuta na chawa hata mmoja, na Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kukaa.