Kachipu ka miguu minane na karafuu za bibi

Msimu huu nlikuwa Wete kwa bibi wiki mbili na kazi yangu yakhe ilikuwa kuanika karafuu asubuhi na kuanua mvua ikija, basi, ila Pemba mvua haipigi hodi, ukijilaza kidogo baada ya adhuhuri unashtuka majamvi yanaelea na karafuu ikishanyeshewa rangi inakwenda na daraja linashuka. Siku ya tatu bibi akanambia, "Ewe mume wangu, si unasomea makompyuta wewe? Mbona hiyo mitambo yako haijui kupiga kelele mvua ikija?"

Lilinichoma hilo.

Kwanza nkafikiria Arduino Uno, kile kibao cha kompyuta ndogo ya kujifunzia, nnayo, lakini ile inakula kama milliamp 50 hata ikiwa haifanyi kitu, betri ya volti 9 haimalizi siku. Ndo nkakumbuka ATtiny85V. Kachipu kadogo kama punje mbili za mahindi, miguu 8, miwili ya umeme, sita ya kazi (mmoja ni wa riseti, usiuguse, ukiuzima tu programu huwezi kuibadilisha tena kwa njia ya kawaida, unatafutwa umeme wa volti 12, mie nshaua mmoja hivyo). Kumbukumbu ya programu kilobaiti 8, RAM baiti 512, hata picha yako ya watsapu haingii humo, lakini kwa kazi ya kuuliza "pamerowa au hapajarowa?" inabaki tele. Hiyo V ya mwisho maana yake inafanya kazi hadi volti 1.8, kwa hiyo betri ya duara ya CR2032 inatosha hata ikichoka.

Uzuri wake hasa ni kulala. Inalala, kila sekunde 8 saa yake ya ndani inaiamsha, inapima nyaya mbili nlizozitandaza kwenye jamvi, kukavu inalala tena, kumerowa baza (kale kakifaa ka kupiga kelele) inalia. Ikilala inakula mikroampia chache tu, na mikroampia elfu ndo milliamp moja. Mwanzo nlisahau kuzima ADC, ile sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba, kabla ya kulala, nkapima kwa mita nkakuta robo ya milliamp, yani betri ingekufa ndani ya miezi miwili haijafika, na mie nlishamuahidi bibi miaka. Mstari mmoja wa programu ukamaliza. Na nyaya usizipe umeme muda wote, zipe pale unapopima tu, zangu za kwanza ziliota kijani kwa siku mbili.

Usiku wa kwanza nkaziacha nje, alfajiri umande ukaangusha kilio nyumba nzima ikaamka, jirani akadhani mwizi. ADC inasoma 0 mpaka 1023, nkapandisha kiwango cha kuanza kulia, sasa umande unapita kimya na tone la mvua linalia. Bibi kanyamaza, hakunisifu, ila nyaya zilizobaki kazificha kabatini, anasema hizo za tangi la maji.