Siku 19 zilizoniokoa mahakamani Uingereza

"Kaka, hizo barua chana tu, si za serikali." Nimeambiwa hivyo kuhusu barua za kudai malipo ya maegesho, na watu wasiopungua watano, wengine wana miaka 20 hapa Uingereza. Ningewasikiliza, leo ningekuwa na hukumu ya deni kwenye rekodi yangu ya mikopo kwa miaka 6, na nyumba ya kupanga ningeitafuta kwa tabu.

Naishi Leicester. Mwezi wa pili mdogo wangu alichukua gari langu akaliacha kwenye maegesho nyuma ya maduka, kiwanja cha mtu binafsi chenye kamera za kusoma namba. Akapitiliza muda kama nusu saa. Barua ikaja kwa jina langu, maana gari limesajiliwa kwangu: pauni 100, au 60 nikilipa haraka. Ukiitazama utadhani ni faini ya polisi. Ni ankara ya kampuni, lakini usiidharau. Kwa sheria iitwayo Protection of Freedoms Act ya 2012, hapa England na Wales mwenye gari anaweza kudaiwa hata kama hakuendesha yeye, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali bwana mmoja, Beavis, aliyepitiliza dakika 56 huko Chelmsford, adaiwe pauni 85. Wanaosema "hawana la kukufanya" hawajui hayo.

Usiku ule nilikaa mezani nikaandika rufaa ya kurasa mbili. Niliegesha, nikachelewa kutoka, naomba mnisamehe. Nilijibebesha kosa la mdogo wangu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, mkubwa ndiye mwenye kubeba. Mama watoto akaisoma, akaweka kidole kwenye lile neno la kwanza. "Niliegesha? Wewe siku hiyo si ulikuwa zamu? Unajishtaki mwenyewe kwa nini?" Kisha akaichukua barua yao, akauliza gari lilikuwa pale tarehe ngapi. Tarehe 6. Na barua imeandikwa lini? Tarehe 25. Siku 19! Tukaingia kuisoma sheria yenyewe, jedwali la nne: kama hawakubandika karatasi kwenye kioo cha gari, notisi lazima imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, kuanzia siku ya pili yake. Wakichelewa, wanabaki na dereva tu, na hakuna sheria inayonilazimisha kuwatajia dereva. Barua iliyochanwa usiku ule ilikuwa ile yangu ya kurasa mbili.

Tukaandika mistari sita tu: mimi ni mmiliki aliyesajiliwa, notisi imechelewa, sidaiwi. Wakakataa. Zikaanza barua za wakusanya madeni, deni likapanda hadi 170. Hao si madalali wa mahakama, hawana ruhusa ya kugusa hata kiti chako. Ila bahasha ikitoka mahakamani Northampton, hapo acha kila kitu. Yangu ilidai pauni 260 na kitu, pamoja na ada ya mahakama na ya wakili wao. Una siku 14 tangu ikufikie, na wanahesabu imekufikia siku ya 5 baada ya tarehe ya kutolewa. Ukijibu kwenye mtandao kwamba umeipokea, zinakuwa 28 kwa jumla za kuandika utetezi. Nilijibu siku ileile.

Usuluhishi wa simu haukuzaa kitu. Kesi ikahamishiwa mahakama ya karibu na kwangu, nami nikapeleka maelezo yangu ya shahidi mapema, nikiwa nimeambatisha ratiba ya zamu ya kazini na ile notisi, tarehe zote mbili nimezizungushia kalamu nyekundu.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, hakimu hana hata joho. Wakili wao akasema yaelekea mwenye gari ndiye aliyeendesha. Hakimu akaniuliza, nikamjibu sikuwa mimi, na ratiba ya zamu iko mbele yake. Akachukua kalenda, akahesabu kwa ncha ya kalamu, taratibu, hadi 19. Akamgeukia wakili: "Mna ushahidi gani wa nani alikuwa dereva?" Hawakuwa nao. Dai likatupwa. Nikaomba nifidiwe mshahara wa siku niliyopoteza, ambao kikomo chake ni pauni 95, nikapewa. Usiache kuomba, hawakukumbushi.

Nilitoka nikampigia mke wangu simu pale pale ngazini, sauti ikanikwama.

Wiki iliyopita jirani, mama mmoja wa Mombasa, alileta bahasha ya Northampton haijafunguliwa. Aliambiwa asiiguse. Tukaifungua jikoni kwetu: imetolewa siku 12 nyuma. Chai ilipoa mezani, lakini kabla hajaondoka mahakama ilikuwa imeshapata jibu lake.