Feri ya Likoni na Alhamisi zangu 12

Hofu ilinishika mara ya kwanza Februari 2023, saa moja na robo asubuhi, feri ya kutoka Likoni kwenda kisiwa cha Mombasa ikiwa katikati ya maji. Nilikuwa nimesimama pembeni, watu wamesongamana kama kawaida ya saa zile, na joto la kaskazi limebana. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, midomo ikachonyota, na sauti za watu zikawa zinatoka mbali, kama niko ndani ya mtungi. Nilijua nakufa. Sikuwa na shaka yoyote. Nikaanza kupiga shahada kimoyomoyo.

Feri ilipofika upande wa kisiwani nilishuka, nikapanda ule mlima nikijishikilia ukutani, nikakaa chini. Baada ya dakika kumi hivi moyo ulikuwa umetulia, nimebaki na uchovu na aibu. Nikaenda kazini. Nauza leso katika duka moja la Biashara Street, na siku ile nilikata leso mikono ikinitetemeka, mpaka tajiri wangu akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Nikamwambia nimekula.

Miezi mitatu kabla ya hapo mamangu alikuwa amepata kiharusi. Usiku nilikuwa nalala sikio moja liko kwake, nikisikiliza kama anapumua. Wakati ule sikuunganisha mambo haya mawili. Niliona feri tu.

Na sababu za kuiogopa feri zipo. Mtu wa Likoni hahitaji kuhadithiwa ajali ya feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 270 walipopotea asubuhi moja. Nilikuwa mtoto, lakini kilio cha mtaani nakikumbuka. Kisha Septemba 2019 gari likateleza kutoka kwenye feri na mama na mwanawe ndani, na kwa karibu wiki mbili watu walikuwa wanasimama ufukweni kungoja waopolewe. Kwa hiyo nilipomwambia dadangu kwamba naogopa kuvuka, hakunishangaa. Aliniambia, "Nani haogopi?" Hapo ndipo nilipokosa msaada mapema, maana kila mtu alidhani tunaongea juu ya bahari.

Nikaanza kukwepa. Kulikuwa na daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa Januari 2021 kwa waendao kwa miguu, nikawa napita huko. Wiki tatu zikaenda vizuri, kisha siku moja hofu ikanikuta humo humo darajani. Ikanifuata mpaka Marikiti, kwenye foleni ya viazi. Ikanifuata msikitini, usiku wa tarawehe, nikatoka safuni. Nikawa sitoki bila chupa ya maji, ndimu ya kunusa, na dadangu kwenye simu. Kufikia Juni nilimwomba tajiri likizo bila mshahara.

Hospitali nilikuwa nimekwenda mara tatu. Walinipima moyo kwa mashine ile ya kubandika nyaya kifuani, wakapima presha, damu, na tezi ya shingoni, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuleta mambo yayo hayo: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka. Vipimo hivyo ni vya lazima, mtu asirukie kusema ni wasiwasi kabla hajapimwa. Lakini daktari aliponiambia "Huna kitu", nilitoka nikilia. Nilikuwa na kitu. Mama mdogo akaniletea kombe, yaani aya za kunywa zilizoandikwa kwa zafarani na marashi ya mawaridi, na nikasomewa siku saba. Nilipata utulivu wa moyo katika kisomo kile na nyiradi zangu sijaziacha hadi leo. Ila nikifika kivukoni, ile kitu inanisubiri palepale.

Aliyenifungulia mlango ni nesi wa zamu. Alinisomea maswali saba juu ya wiki mbili zilizopita: mara ngapi nimekuwa na wasiwasi, mara ngapi nimeshindwa kuuzuia, mara ngapi nimeogopa kwamba jambo baya litatokea, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Nikapata 17 katika 21. Akaniambia kwa upole, "Moyo wako mzima, dadangu. Kinachokutaabisha kina jina, ni ugonjwa wa wasiwasi, na kina matibabu." Akanielekeza kwa mwanasaikolojia, mama wa makamo, kila Alhamisi saa nane.

Nilidhani nitakaa nimweleze shida zangu, anipe nasaha, nirudi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ukiwa ndani ya feri, unaogopa nini hasa kitokee?" Nikasema nife maji. Akaninyamazia. Nikafikiri. Ukweli ni kwamba sijawahi hata siku moja kuiona feri ikizama akilini mwangu. Nilichokuwa nakiona ni mimi nimeanguka, buibui limenipanda, watu wamenizunguka, mmoja anasema ana jini, mwengine anasema apelekwe Port Reitz, kwa wagonjwa wa akili. Nilikuwa naogopa kuzimia na kurukwa na akili mbele za watu. Maji hayakuwamo. Nililia sana siku hiyo, kwa kuona kwamba miezi mitano yote nilikuwa nakimbia kitu ambacho sicho.

Alhamisi ya pili aliniambia nivute na kutoa pumzi haraka haraka, kwa nguvu, kwa dakika moja, nikiwa kitini. Nikakataa. Akasema, "Basi tufanye sote." Tukafanya, yeye na mimi, tumeelekeana kama watoto. Kabla dakika haijesha vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, midomo inachonyota, chumba kinazunguka. Yaleyale ya feri, mchana, ndani ya chumba chenye feni na kalenda ukutani. Naye akanionyesha vidole vyake akasema, "Hata vyangu." Kisha akanieleza: mtu akipumua kupita mahitaji yake hutoa kabonidayoksaidi nyingi mno, na damu ikipungukiwa nayo ndipo ganzi na kizunguzungu huja. Mapigo ya moyo ni adrenalini, mwili unajitayarisha kukimbia. Na kuhusu kuzimia, mara nyingi mtu huzimia presha inaposhuka. Katika hofu ya namna yangu presha hupanda. Hakunitaka nimwamini tu. Aliniambia nihesabu ni mara ngapi nimeshikwa na ni mara ngapi nimezimia. Mara zaidi ya 30. Kuzimia, sifuri.

Alichora duara kwenye daftari langu. Mwili unatoa ishara, akili inaitafsiri kuwa ni kifo, hofu inaongezeka, mwili unatoa ishara kubwa zaidi. Na chini ya duara akaandika ndimu, chupa, simu, daraja. Akasema kila mmoja wa hawa rafiki zangu ananiambia, "Umepona kwa sababu yangu." Ndiyo maana sikuwahi kujua kwamba hofu hushuka yenyewe mtu akiiacha.

Kuanzia hapo ilikuwa ni kazi, na kazi ngumu. Tukapanga ngazi. Kwanza kusimama kivukoni bila kupanda, nusu saa. Halafu kuvuka na dadangu saa nne, watu wakiwa wachache. Halafu peke yangu bila ndimu. Halafu bila simu. Halafu saa moja asubuhi, katikati ya watu, mbali na pa kushikilia. Kabla ya kila safari naandika nadhani nini kitatokea, na baada yake nini kimetokea. Kwa mwendao kwa miguu feri ni bure, basi siku nyingine nilikuwa navuka, nashuka, napanda tena, mara nne kwa mfululizo. Safari ya kwanza hofu ilifika tisa katika kumi. Ya nne, ilikuwa nne.

Wiki ya saba nilishindwa. Nilifika kwenye mteremko, nikageuka, nikapanda tuktuk hadi nyumbani. Alhamisi ilipofika nilitaka nisiende kwa kuona haya. Nilipomweleza aliuliza tu usiku wa kuamkia siku ile nililala saa ngapi. Sikuwa nimelala, mama alikuwa na homa. Ndipo tulipoanza kuongea juu ya mama, na juu ya mimi kukaa macho usiku kana kwamba kusikiliza kwangu ndiko kunakompa pumzi. Nadhani Alhamisi ile, ya kushindwa, ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Tukapanga na dadangu zamu za usiku, jambo ambalo lingeweza kufanywa tangu Novemba kama ningelisema.

Mimi sikutumia dawa. Niliyekuwa nakaa naye pale nje kungoja zamu alikuwa anatumia, na aliniambia zilimchukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, kisha zikamsaidia kuweza hata kukaa na kuongea. Hilo ni la mtu na daktari wake.

Nilimaliza Alhamisi 12, nikarudi dukani. Mwaka huu imenishika mara tatu, ya mwisho kwenye foleni ya benki. Niliisikia ikipanda kutoka tumboni, nikaiacha ipande. Sikutoka foleni. Nilipofika dirishani sauti yangu ilikuwa inatetemeka kidogo, yule kijana akanipa risiti bila kuona chochote.

Ngazi moja imebaki kwenye daftari, nilikuwa nairuka kila mara: kuvuka na mama. Nikiwa peke yangu, nikianguka nimeanguka mimi. Yeye anatembea kwa mkongojo sasa, na mkono wake wa kushoto bado mzito. Siku zote dadangu ndiye humvusha kwenda kliniki ya mazoezi. Jumanne hii nimemwambia asije. Tutavuka saa moja asubuhi, mama na mimi, na chupa ya maji nimeshaambiwa na mama niichukue, kwa sababu yeye ana kiu.