Maswali ya mashindano yalinikosesha kazi, kisha yakaniokoa Kariakoo

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya programu hapa Dar nilipewa maswali mawili ya mtindo wa mashindano ya kuandika programu. Nilishakaa miaka mitatu natengeneza mifumo ya maduka, nikajiamini. Niliambulia patupu. Swali la kwanza lilikuwa na orodha ya namba 200,000. Nikalinganisha kila moja na nyingine zote, hatua bilioni 40, na programu inapewa sekunde mbili, hazitoshi kabisa. Nikarudi Sinza nimenuna, nasema haya ni mafumbo ya watu wa hesabu, kazi hayapimi.

Hasira ndiyo iliyonifundisha. Kila usiku, bando likiruhusu, swali moja la Codeforces, tovuti ya mashindano hayo. Mwezi wa kwanza aibu tupu. Nilianza kupona nilipoacha kukimbilia kibodi: nasoma kwanza ukubwa wa data, nachora mfano kwenye daftari, nahesabu hatua. Zile namba 200,000 ukizipanga kwanza, hatua zinabaki milioni chache.

Kosa lililonitesa ni jumla kupita 2,147,483,647, ukomo wa namba ya kawaida ya biti 32 (biti ndiyo nafasi ambayo kompyuta huitengea namba). Ukiupita, jumla inageuka hasi. Nikaona mtego wa kitoto. Nani ana namba kubwa hivyo?

Yupo. Muuza vitenge wa jumla Kariakoo alinipigia: "Mdogo wangu, mbona mauzo ya mwaka yana alama ya kutoa? Mimi nimeuza, sijaibiwa!" Shilingi yetu bwana, bilioni mbili si mbali. Programu aliiandika mtu mwingine, lakini ugonjwa niliujua kabla sijashuka kwenye daladala. Nikaipa jumla biti 64, chai haijapoa.

Kilichonichukua siku nne ni stoo kutolingana na mauzo. Nilisoma msimbo mpaka macho yakauma. Siku ya nne, nimekaa juu ya robota na vijana wa stoo, mmoja akasema kama utani kwamba wateja wa Mbagala huchukua mali kauli: mzigo leo, hela ukishauzika, usiouzika unarudi. Bosi alidhani najua. Kwenye mashindano swali linakuja limeandikwa lote, hadi mfano wa jibu.

Siku hizi nikiitwa kusaili vijana, nawapa swali moja fupi la mashindano, kisha programu ya mtu mwingine yenye kasoro, na mimi nacheza mwenye duka. Juzi kijana mmoja alimaliza la kwanza kwa dakika nane. Kwenye la pili aliinama kwenye kompyuta saa nzima, hakuniuliza neno.