Taa za Breki Chini ya Reli ya Mzee

Mzee wa Tudor aliniita kwa ombi moja tu: nimtafutie pawa kubwa zaidi. Treni zake ndogo (ukiziita za kuchezea anakununia) zilikuwa zikizima zote kwa pamoja kila kichwa kimoja cha treni kikiruka reli, naye akaamini ile mashine ya ampea 5 aliyoletewa na mwanawe kutoka Ujerumani imezidiwa.

"Tafuta ya 10, mwanangu. Pesa ipo."

Mimi kazi yangu ni kufunga nyumba waya. Treni za namna ile nilikuwa sijaziona. Chumba kizima cha juu kilijaa meza zenye vituo: Makupa mlangoni, Mariakani chini ya dirisha, Voi kona ya mbali kabisa. Mzee akanipa darasa. Kwenye mfumo wa kidijitali reli zina volti kama 15 muda wote, na amri hupita humo humo kwenye umeme. Kila kichwa kina dikoda, kijisakiti cha kusoma amri, yenye namba yake na hutii amri zake tu, kwa hiyo treni tatu huenda mwendo tofauti juu ya reli moja. Lakini umeme wenyewe ni mmoja, na shoti ikitokea popote, yaani chuma kikiunganisha reli mbili, zote zinalala.

Kuzima hakukunitisha, mashine kukata shoti ndiyo kazi yake. Nikaomba sarafu ya shilingi ishirini, nikailaza juu ya reli zote mbili pale Makupa. Tap! Ikakata. Nikaenda nayo Voi, nikailaza vile vile. Kimya. Namba za mashine zikapanda hadi ampea 4 na ushei, zikatulia hapo hapo. Kugusa ile sarafu, nikaitupa sakafuni. Moto!

Nikaingia chini ya meza na tochi. Waya uliokwenda Voi ulikuwa wa simu, mwembamba, na viungo vya reli vilishaliwa na hewa ya chumvi. Ukinzani wote huo ulizuia mkondo usifike ampea 5, basi mashine ikaona mambo ni shwari huku wati kama sitini zikigeuka joto.

"Mzee, ukileta ya 10, hata shoti za karibu zaweza zisikatwe. Patafuka moshi."

Hakujibu. Akafungua kabati, akatoa behewa lenye gurudumu lililopinda kama ubani uliotafunwa. "Nilidhani ni joto la Mombasa hili," akasema.

Nilipitisha waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumba, chini ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila baada ya mita moja hivi nikachomelea vijiwaya vifupi hadi kwenye reli. Sikutegemea tena viungo. Nikailaza tena sarafu Voi, mashine ikakata papo hapo.

Ikabaki ile kero yake ya treni zote kuzima. Vipo vifaa vya elektroniki vya kutenga kila eneo, na ndivyo bora, ila vya kuagiza. Nikaenda duka la spea Mwembe Tayari, nikanunua balbu za breki za gari, volti 12 wati 21. Nikakata reli kugawa njia maeneo matatu, kila eneo likapata umeme wake kupitia balbu moja, iliyofungwa kwenye bati mbali na mbao maana ikiwaka inaunguza. Treni ikipita, uzi wa balbu haupati moto na ukinzani wake ni mdogo, huoni tofauti. Shoti ikitokea, balbu inawaka kweupe na kuzuia mkondo kwenye ampea 2 hivi. Mashine haishtuki, maeneo mengine yanaendelea.

Wajukuu walipogundua, wakawa wanaangusha treni makusudi ili taa iwake. Mzee akawafukuza, kisha akaangusha moja mwenyewe.

Ile mashine ya 10 hakuinunua. Pesa yake iliishia kwenye kichwa kingine.