Rada ya kuonea ukungu, na mita 200 za mwanzo zinazoipa taabu

Ukungu unaweza kuzuia ndege asubuhi nzima huku picha ya rada ya mvua ikionyesha anga tupu. Rada haijaharibika. Imeundwa kutafuta matone makubwa, na ukungu hauna hata moja.

Kitone cha ukungu kina kipenyo cha maikromita 10 hivi, tone la mvua milimita 1. Hiyo ni tofauti ya mara mia. Lakini mwangwi unaorudi kwenye rada haufuati kiasi cha maji, unafuata kipenyo kwa kipeo cha sita, na mia kwa kipeo cha sita ni milioni mara milioni. Ndiyo maana ukungu wenye vitone milioni 100 katika kila mita ya ujazo hutoa takriban −40 dBZ tu (dBZ ni kipimo cha nguvu ya mwangwi), wakati mvua ya kawaida hutoa 20 hadi 40. Katika kipimo hiki kila 10 inayoongezeka ni mara kumi.

Dawa ni kufupisha wimbi. Kwa vitone vidogo kama hivi, ukifupisha wimbi mara mbili mwangwi huongezeka mara 16. Ukitoka sentimita 10 za rada ya mvua hadi milimita 3.2, yaani masafa ya gigahezi 94 hivi, unapata karibu mara milioni. Haiwezekani kuchagua masafa yoyote tu, kwa sababu mvuke hunyonya mawimbi karibu na gigahezi 22 na 183, nayo oksijeni karibu na 60 na 118. Nafasi zinazobaki ni 35 na 94 au 95, na rada za mawingu karibu zote zimejibana humo.

Tatizo linalofuata ni mahali ukungu ulipo. Rada ya mipigo hupiga, hunyamaza, kisha husikiliza, na inapopiga huwa kiziwi. Mpigo wa nusu maikrosekunde peke yake hufunika mita 75, na ukiongeza muda wa kubadili swichi, mita 100 au zaidi za mwanzo zimepotea. Ukungu mara nyingi umelala humo humo. Kwa hiyo wanaochunguza ukungu hupendelea rada isiyokatiza wimbi: masafa yanapanda mfululizo, na tofauti kati ya wimbi linalotoka na linalorudi ndiyo inayotoa umbali. Kusikiliza huku unaongea kwa kawaida kunataka antena mbili. BASTA, rada ya Kifaransa ya gigahezi 95 iliyotumika kwenye kituo cha SIRTA huko Palaiseau, kusini mwa Paris, ni ya aina hii, na hurusha nusu wati tu. Tabaka za mita 12.5 zinahitaji masafa yapande kwa megahezi 12. Za mita 25 zinahitaji 6, na hapo unapata usikivu zaidi kwa kupoteza undani.

Hata hivyo mita za chini hazijawa salama. Mwali wa antena ya sentimita 60 kwa wimbi la milimita 3.2 hutulia baada ya mita 225 hivi. Kanuni yake: kipenyo cha antena kwa mraba, mara mbili, gawanya kwa urefu wa wimbi. Chini ya hapo mwangwi husomeka hafifu kuliko ulivyo, na antena mbili nazo hazijatazama hewa ile ile sawasawa. Usiposahihisha, ukungu utaonekana kuongezeka maji kadiri unavyopanda. Ubaya ni kwamba ukungu mzito uliochanganyika vizuri hufanya hivyo kweli, kwa hiyo kosa hili halimshtui mtu.

Setilaiti hazitusaidii hapa. CloudSat, iliyofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2023, ilibeba rada ya gigahezi 94, na EarthCARE ya 2024 hubeba ya aina hiyo hiyo, lakini mwangwi wa ardhi humeza mita mia kadhaa za chini.

Kisha kuna manyunyu, ambayo kwangu ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Matone mawili tu ya milimita 0.2 katika mita ya ujazo hutoa mwangwi mkubwa kuliko vile vitone milioni 100 kwa pamoja, ilhali maji yake hayafiki hata elfu moja ya maji ya ukungu huo. Anayegeuza dBZ kuwa gramu za maji kwa fomula moja, bila kuangalia manyunyu, anajidanganya. Doppler, yaani kupima kasi ya matone kwa mwangwi wake, husaidia: vitone hushuka kama sentimita 1 kwa sekunde au chini ya hapo, manyunyu hayo karibu sentimita 70, na hewa ikiwa tulivu utaona vilele viwili kwenye grafu ya kasi. Radiometa ya mikrowevu, chombo kinachopokea mawimbi ambayo anga yenyewe hutoa, hutoa jumla ya maji juu yako, ila kosa lake la gramu 20 hivi kwa mita mraba linaweza kulingana na maji yote ya ukungu mwembamba.

Lakini maji yanayoharibu zaidi ni yale yaliyo juu ya rada yenyewe. Utando mwembamba kwenye kifuniko cha antena hula desibeli kadhaa, na ngozi ya kuzuia maji huchakaa kwa jua. Weka kipulizio cha kukikausha kifuniko, na andika tarehe ya kubadili kifuniko.

Kusawazisha rada hufanywa kwa kiakisi cha kona, yaani sahani tatu za chuma zinazokutana kwa pembe za mraba, juu ya mlingoti, mbali kuliko zile mita 225. Chenye ukingo wa sentimita 10 kinang'aa kama shabaha ya mita mraba 42. Kama huna mlingoti, ngoja mvua ya milimita 3 hadi 10 kwa saa. Kwa gigahezi 94, kwenye umbali wa mita 250, mwangwi wake hukaa karibu na 19 dBZ, kwa sababu matone makubwa hayafuati tena kipeo cha sita na mvua yenyewe hufifisha wimbi. Ukisoma 14, usiguse programu kwanza. Nenda kaangalie kama kipulizio kinazunguka.