Jinsi nilivyookoa kitabu changu cha mtumba

Nilipata nakala ya All the King's Men ya Robert Penn Warren, ile riwaya ya 1946 ya gavana Willie Stark anayeanza na nia safi halafu madaraka yanamlevya. Nilifurahi mpaka nilipoifungua nyumbani, aisee, harufu ya uvundo, na kurasa kama kumi hivi zikaniangukia mapajani.

Kosa langu la kwanza ni selotepu. Usijaribu kabisa, inageuka njano na gundi yake inazama kwenye karatasi, ukurasa wangu mmoja una alama mpaka leo.

Nikaanza na harufu. Nikakiacha kitabu wazi kivulini siku mbili kikauke (sio juani, karatasi za zamani zinaungua rangi), halafu nikakiweka ndani ya ndoo yenye mfuniko na bakuli la vipande vya mkaa pembeni, visigusane. Baada ya wiki moja na nusu harufu ikawa ya kuvumilika, haijaisha yote lakini.

Kurasa sasa. Gundi nyeupe ya maji, napaka kwa kijiti cha meno ule ukingo wa ndani tu, mstari mwembamba kama uzi, naurudisha ukurasa kwenye mgongo wa kitabu, naweka nailoni pande zote usigande na jirani yake, kisha kamusi nzito juu usiku kucha. Mbilimbili kwa siku, ukiharakisha zinakaa upande.

Sasa niko sura ya tatu na hakuna ukurasa ulioanguka tena.